Prufu ya Mama Daktari

Nilifika Johannesburg na begi moja na cheti cha kidato cha nne. Nilirudi kwetu na diploma ya uchapaji, mashine mbili za kuchapia na jina. Watu wa hapa mjini wakiniona nimekaa dukani kwangu, feni inazunguka, wanadhani niliokota. Sikuokota. Miaka minne ya kwanza nilifagia vipande vya karatasi katika karakana ya mtu pale Fordsburg, na jioni nikienda chuo. Darasani mgeni nilikuwa mimi peke yangu, na mwalimu alipotaka mtu wa kupanga ukurasa wa safu tatu bila kuchafua pambizo, aliniita mimi. Siku nilipofungua duka langu mwenyewe, mtaa ule ule niliofagia, kitu cha kwanza kutundikwa ukutani kilikuwa diploma. Leseni ilifuata.

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba kosa nitakalolieleza halikufanywa na mtu asiyejua kazi. Lilifanywa na mtu anayeijua mno.

Tulichapa kila kitu. Kadi za harusi za Wazanzibari, ratiba za ibada za Wakongo, mabango ya wenye spaza wa Soweto, vile viduka vya nyumbani vinavyouza kuanzia mkate hadi kiberiti. Sifa yetu ilikuwa moja: hapakuwa na makosa. Siri yake nitaitoa leo kwa kuwa sina tena mshindani kule. Nilifunga kamba juu ya benchi la wateja, na kila prufu, yaani nakala ya majaribio, niliibana pale kwa kibanio cha nguo, usawa wa macho. Mtu akisubiri kazi yake husoma ya mwenzake, ndivyo tulivyoumbwa. Aliyeona kosa alipewa soda. Hivyo nilikuwa na wasomaji prufu wa mataifa matano, na hakuna kampuni kubwa ya jiji lile iliyoweza kujisifu hivyo.

Mama Daktari aliletwa dukani na sifa hiyo. Alikuwa mwanasaikolojia, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyesomea kazi yake hapo hapo Johannesburg. Kila wiki aliandika ukurasa katika gazeti la Kiingereza, na nimewahi kuona ukurasa wake umebandikwa saluni, juu ya kioo, ambapo watu wengine hubandika mitindo ya nywele. Aliandika juu ya wivu, juu ya wakwe, juu ya usingizi unaokimbia. Na mara kwa mara, bila kupaza sauti, aliandika juu ya wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake.

Alikuwa na sababu. Wazazi walikuwa wanampelekea vijana wao awatengeneze, kama mtu anavyopeleka redio. Yeye alimwambia kijana akanywe chai nje, akabaki na mzazi. "Mtoto haumwi," alikuwa akisema. "Mwenye homa ni weye." Waliokimbia makwao kwa ajili ya jambo hilo aliwaandikia barua za kitaalamu na kukaa nao kwenye foleni za ofisi ya makaratasi ya ukimbizi, tangu asubuhi, na kiti chake cha kukunja. Redioni wachungaji walipiga simu kumkemea, naye aliwauliza habari za watoto wao mpaka wakasahau walichopigia.

"Sheria ya nchi hii ni nzuri," aliniambia siku ya kwanza. "Wanaume wawili banaoana, serikali inapiga muhuri. Lakini sheria haifiki kwa mama jikoni. Mama anasoma Kiswahili. Njo maana niko hapa, Papa Diploma."

Papa Diploma. Alikuwa amekaa dukani dakika tano tu, lakini ameshatazama ukutani. Jina sikulikataa.

Alitaka kijitabu cha wazazi, kurasa thelathini na mbili, kwa Kiswahili ambacho mtu wa Bukavu na mtu wa Mombasa wangekisoma bila kugombana. "Mimi ninaandikia mtu anayesoma amesimama," alisema, "mkono mmoja umeshika mtoto." Rasimu yake ilikuwa na Kifaransa kidogo na Kilubumbashi kingi, na kazi ya kuinyoosha alinipa mimi. Niseme ukweli kuhusu msimamo wangu wakati ule: sikuwa nao. Nilichapa vipeperushi vya mchungaji aliyewalaani watu hao, na sasa nachapa kijitabu cha kuwatetea, na vyote viwili nilivipanga vizuri. Nilijiona mtu mpana. Leo najua nilikuwa mtu anayepita pembeni.

Sura ya nne ya kijitabu ilikuwa hadithi ya kweli ya kijana mmoja msusi, wa Bukavu, aliyekaa miaka mingi na mwenzake huku mama yake akiambiwa ni mpangaji. Mama Daktari aliigonga sura ile kwa kidole.

"Huyu, batu ya Bukavu bote banamujua. Ubadilishe. Kazi, mji, mtaa, nyumba. Hata mama yake asome asimtambue. Halafu uniletee mimi kwanza, mbele ya mtu mwingine yeyote. Tumesikilizana?"

"Mama Daktari," nikamwambia, "unaongea na mtu mwenye diploma."

"Njo maana narudia mara mbili."

Nilikaa na sura ile Alhamisi nzima. Msusi nilimfanya fundi cherehani. Bukavu nikaitoa, nikaweka mji wetu wa pwani, maana nani angetafuta kisa cha Mkongo huko? Mtaa nikauweka Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, mahali pasipo na msusi hata mmoja niliyemjua. Na yule mwenzake aliyeitwa mpangaji nikamgeuza akaitwa binamu, akawa mlinzi wa jengo. Maneno yalikuja yenyewe, moja likivuta lingine. Nilijisomea kwa sauti nikaona kwamba, kwa kweli, nimemzidi Daktari.

Ijumaa asubuhi alipaswa kuja kuisoma. Akapiga simu kwamba kuna mama analia ofisini kwake, atachelewa hadi saa nane. Mashine ilikuwa inasubiri. Wino ulikuwa umeshachanganywa. Nikafanya nilichokifanya kila siku kwa miaka tisa: nikabana prufu kwenye kamba.

Fordsburg siku ya Ijumaa, baada ya sala, ni siku ya watu. Wanatoka msikitini, wananunua sambusa, wanapitia kadi zao. Kwenye saa saba na nusu benchi lilikuwa limejaa, na aliyekaa katikati alikuwa Bi Mwenyekiti. Huyu alikuwa mama mtu mzima wa Unguja, mwenyekiti wa kamati za harusi zote ambazo mimi nilizichapia kadi, mwanamke ambaye akisema ukumbi haufai, ukumbi unafungwa. Alikuwa amefuata kadi za harusi ya mpwa wake. Aliinua uso, akasoma prufu moja, akahamia ya pili. Kwenye ya pili akavaa miwani.

"Mchapaji," akaita. "Njoo hapa, mwanangu."

"Umeona kosa, Bi Mwenyekiti? Soda iko tayari."

"Kosa sijui. Hebu nambie. Fundi cherehani wa kwenu, akaaye Turffontein, na binamu yake mlinzi. Wako wangapi?"

Pembeni yake alikuwa mwanamke kijana, mmoja wa wasaidizi wake wa kamati. Huyo alisimama kabisa, akasogeza pua kwenye karatasi. "Loo! Si fundi wetu huyu? Fundi wa sare?"

Nilibandua prufu ile kwa kasi hadi kibanio kikaruka. Nikasema ni hadithi, mtu wa kutunga, hayupo. Bi Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani kama mtu anayetazama chenji ndogo. Akachukua kadi zake, akasema, "Haya. Sisi tunakwenda kwake saa tisa kupima sare," wakatoka.

Nilikaa kwenye benchi la wateja wangu mwenyewe.

Fundi alikuwa rafiki yangu. Tulitoka mji mmoja, tulifika Johannesburg miaka inayokaribiana, na suti niliyovaa siku ya diploma aliishona yeye. Alikaa Turffontein. Alikuwa na binamu. Binamu alikuwa mlinzi wa jengo la maofisi mjini. Nilikuwa nimekula ubwabwa nyumbani kwao mara nisizoweza kuhesabu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza huyo binamu ni binamu kwa nani, ilhali mimi ukoo wa fundi naujua mpaka kwa babu zake na hamna mtu wa sura ile.

Hapa nisimame niseme jambo. Mji wetu siutaji katika kurasa hizi, na mambo mengine mawili ya fundi nimeyabadilisha. Turffontein ameshahama, na ameniruhusu niitaje. Kila unachosoma hapa juu yake amekisoma yeye kwanza.

Mama Daktari alifika saa nane kasoro. Nilimpa karatasi. Alisoma amesimama, kama wasomaji wake. Nikamweleza kila kitu: fundi, benchi, Bi Mwenyekiti, saa tisa. Nikamalizia, "Wallahi sikujua. Nilitunga tu."

"Hapana, Papa. Ulijua." Hakukasirika, na ningependa angekasirika. "Kichwa kilikataa kujua, mkono ukajua. Umekula kwao miaka yote. Nilikutuma umfiche mtu mmoja, ukamtoa nje mwingine."

"Nifanye nini? Nikawaambie tena kwamba ni ya kutunga? Si ni kweli ni ya kutunga?"

"Weye utasema nini si kazi yako kuamua. Kazi yako ni kufika kwake mbele ya wale wamama. Iko gari?"

Gari ilikuwepo. Bakkie nyeupe, pikapu niliyoinunua mpya. Nilipita robot mbili, yaani taa za barabarani, zikiwa za njano na moja ambayo sitaisemea, naye Mama Daktari alishika mlango na kuniambia kwamba hofu yangu pia ina jina la kitaalamu, atanitajia tukifika salama.

Fundi alikuwa kwenye cherehani, chumba cha mbele, shumizi na gauni za zambarau zimetundikwa mpaka dirishani. Tulimkuta anaimba. Nikampa prufu, nikamwambia nimeiandika mimi, na nikamtajia walioisoma. Sikujitetea. Yaani nilianza kujitetea, Mama Daktari akanikanyaga mguu.

Alisoma polepole. Cherehani ilikuwa kimya, na huko nje mtoto alikuwa anapiga mpira ukutani. Alipomaliza, hakunitazama mimi, alimtazama Daktari.

"Huyu ananijua tangu hatuna hata sufuria," akasema. "Hajaniuliza hata siku moja. Halafu anaenda kunitundika kwenye kamba kama chupi."

"Kaka," nikasema.

"Kaa kimya kidogo." Akaikunja karatasi mara mbili. "Mwenyekiti akiondoa sare zake, wote wataondoa. Hapa Joburg mimi nimeshona harusi za watu miaka kumi na moja. Nikikosa hao sijui nitashonea nani. Na nikipita msikitini..." Akaacha hapo.

Mama Daktari alivuta stuli fupi akakaa, usawa wa pedali. Nilitarajia hotuba. Mwanamke huyu aliwanyamazisha wachungaji redioni. Akauliza tu, "Unataka nini?"

"Nikitaka, itasaidia nini?"

"Huyu Papa anaweza kusema ni uongo wa vitabu. Mimi naweza kusema ni mteja wangu wa Bukavu, sitamtaja jina. Ama tunyamaze bote. Hakuna jibu la mwalimu hapa. Maisha ni yako. Unataka nini?"

Fundi aliiweka karatasi juu ya cherehani. "Nataka msinisemee," akasema. "Nyote wawili. Nitajibu mwenyewe."

Bi Mwenyekiti aligonga saa tisa kamili, maana hakuwa mtu wa kuchelewa. Alikuja na yule msaidizi kijana. Akatuona mimi na Daktari, akatusalimu vizuri, akavua viatu, akapita chumba cha ndani kuvaa, maana kioo kirefu kilikuwa huko. Akatoka na gauni la zambarau ambalo halijapigwa pindo. Fundi akapiga magoti na pini mdomoni, akaanza kubana pindo. Tulimwona anabana pini tatu, nne. Kisha akazitoa zilizobaki mdomoni.

"Bi Mwenyekiti. Umesoma karatasi leo."

"Nimesoma."

"Basi yule si binamu yangu."

Yule kijana alishusha pumzi kwa sauti. Mimi nilitazama sakafu, nikaona vipande vya uzi. Bi Mwenyekiti hakugeuka, maana mtu mwenye pini pindoni hageuki.

"Mwanangu," akasema, "miaka sita navulia nguo chumbani kwako. Kitanda kimoja. Mito miwili, mmoja una foronya aliyoidarizi mtu na akili zake. Wewe ulidhani mimi navaa nimefumba macho?"

Fundi alibaki na pini mkononi. "Hukusema kitu."

"Hukuniambia kitu! Nisemeje? Nimekuja kupima gauni, sikuja kuhesabu mito. Mambo ya dini yangu nayajua na yako utajibu wewe kwa Mola wako, mimi sikuajiriwa huko. Kilichonikera ni kimoja." Akaninyooshea kidole, mkono wa gauni bado umebanwa karatasi ya kipimo. "Habari ya mtu mzima kutundikwa dukani watu wakisubiri kadi. Hiyo adabu umesomea wapi? Kwenye hiyo diploma?"

Nilisema samahani. Niliisema kwake, akaniambia nisimwambie yeye. Nikageuka nikaisema kwa mwenyewe, mbele yao wote, na ilikuwa nzito kuliko mtihani wowote niliofaulu.

Yule msaidizi kijana alikwenda kwenye kamba ya nguo, akatoa gauni lake ambalo halijakamilika, akalikunja kwapani, akatoka na viatu mkononi. Bi Mwenyekiti akasema, "Mwache, atarudi. Kola ile hakuna wa kuimaliza mji huu." Hakurudi. Na wengine wawili hawakuja wiki ile. Lakini harusi ilikuwa na sare ishirini na moja, na kumi na nane zilimalizwa na mkono wa fundi, na Bi Mwenyekiti alikaa kwenye meza ya mbele na pindo lake.

Bi Mwenyekiti alipoondoka Ijumaa ile, nilisema kijitabu nitakifuta. Sura nzima nitaitoa, au kijitabu chote, kwa hasara yangu. Nilidhani ni jambo kubwa la kusema. Fundi akanicheka, mara ya kwanza siku ile.

"Usitoe. Rekebisha. Imejaa makosa."

"Makosa?" Hapo, nakiri, nilikaribia kuudhika.

"Hapa umeandika analia kwenye simu na mama yake. Mimi sijalia. Hapa umeandika wanaishi kwa huzuni. Huzuni gani? Hujatusikia tukitazama mpira?" Akachukua kalamu. "Jina la mji wetu toa. Mama yangu yuko kule, na kule bado. Hapa naweza, kule bado. Turffontein toa, weka kusini mwa jiji. Fundi acha. Mafundi tuko wengi."

Mama Daktari alisema kwamba sura ile sasa haitakuwa ya msusi wa Bukavu tena, naye msusi atapumua. Akamuuliza fundi mara mbili, kwa maneno tofauti, kama ana hakika, na kama kesho asipokuwa na hakika atajua pa kumpigia. Kisha akaniambia kanuni ambayo mpaka leo naifuata hapa dukani kwangu: mtu akiwa ndani ya karatasi, yeye ndiye msomaji wa kwanza.

Saa kumi na moja binamu alirudi kutoka kazini, na sare yake ya ulinzi na kofia mkononi. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache. Fundi alimkalisha, akamweleza yote tangu kamba yangu hadi mito ya Bi Mwenyekiti, kisha akampa karatasi iliyojaa wino. Yule bwana aliisoma bila kubadilika uso. Aliponitazama nilijiandaa.

"Huu mstari," akasema. "'Mwenzake hajui kupika.' Nani kaandika?"

"Mimi," fundi akasema. "Ni kweli."

"Eish! Ugali wa juzi aliupika nani?"

"Ule ulikuwa ugali?"

"Ufute."

"Siufuti. Tunataka ukweli, Daktari si amesema?"

"Sikusema hivyo," akasema Mama Daktari, akifuta machozi ya kicheko na kitenge chake. "Nyie mnajua."

Mstari ule ulifutwa, ukarudishwa, ukafutwa tena, na mwishowe ukabaki hivi: kwamba mmoja wao anapika na mwingine anavumilia, bila kutaja nani. Nilisubiri nimesimama, mimi ambaye wateja hunisubiri, na sikuona aibu. Kwa kawaida yetu wachapaji, mteja akiridhika huandika neno moja pembeni mwa prufu na kutia sahihi. Fundi aliandika "Chapa", akasaini. Kisha akampa mwenzake kalamu, naye akasaini chini yake.